Ukiwa Bologna, upande treni ya kwenda wapi? Miji minane ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo

Kila miezi ya joto inapokaribia hupata ujumbe wa aina ileile kutoka nyumbani: "Tunakuja Italia, tutafikia kwako Bologna siku sita, tunataka kuona Venezia, Florence, Verona na Roma." Siku sita, miji minne, na Bologna yenyewe bado haijahesabiwa. Siwalaumu. Ukitazama ramani ya reli, Bologna imekaa kama fundo la kamba: njia za kutoka Milano, Venezia, Verona, Firenze (ndiyo hiyo Florence) na Ancona zote zinakutana hapa. Ukilala hapa, sehemu kubwa ya kaskazini ya Italia iko ndani ya saa mbili. Tatizo linaanzia hapohapo, kwa sababu kila mji unaonekana wa karibu.

Nimeshasindikiza wageni wa kutosha hadi nimepata kipimo changu. Siangalii mji upi una jina kubwa. Namwuliza mgeni: ukiachwa na treni ya kurudi, utapoteza nini? Kama jibu ni nusu saa na kikombe cha kahawa, siku hiyo itakuwa ya raha. Kama jibu ni tiketi ya euro 30 na familia kununiana hadi usiku, tufikirie upya.

Kipimo hicho kinatokana na aina mbili za treni. Ya kwanza ni regionale, treni ya mkoa. Hii ichukulie kama daladala: haina namba ya kiti, unakaa unapopata, na nauli yake inategemea umbali, si siku uliyonunua. Ukinunua mwezi mmoja kabla au dakika tano kabla, bei ni ileile. Ikikuacha, unasubiri nyingine. Ya pili ni treni ya mwendokasi, Frecciarossa au Italo. Hii ina tabia za SGR ya Dar kwenda Dodoma: jina lako, behewa lako, kiti chako, saa yako. Bei hupanda kadiri siku inavyokaribia, na tiketi za bei nafuu ndizo ambazo mara nyingi hazibadilishwi. Ukichelewa dakika mbili, umeachwa na pesa imekwenda.

Nauli na muda ninaoandika hapa ni wa kukadiria, kwa mtu mzima, kwenda tu. Bei za regionale hupanda kidogokidogo, lakini uwiano kati ya mji na mji haubadiliki sana.

| Mji | Treni | Muda | Nauli | Mchana mmoja au siku nzima |
|---|---|---|---|---|
| Modena | regionale | dakika 20 hadi 30 | karibu euro 4 | mchana mmoja |
| Ferrara | regionale | dakika 30 hadi 50 | karibu euro 5 | mchana mmoja, au siku ukipanda baiskeli |
| Parma | regionale | karibu saa 1 | karibu euro 8 | siku |
| Ravenna | regionale | saa 1 na dakika 10 hadi 20 | karibu euro 8 | siku nzima |
| Rimini | regionale | saa 1 hadi 1 na nusu | karibu euro 10 | siku, wakati wa joto |
| Verona | regionale | karibu saa 1 na nusu | karibu euro 10 | siku |
| Firenze | mwendokasi | chini ya dakika 40 | inabadilika sana | siku nzima, na haitoshi |
| Venezia | mwendokasi | karibu saa 1 na nusu | inabadilika sana | kalale huko |

Ukisoma jedwali hilo haraka, Firenze inashinda: mji mkubwa kuliko yote, na kwa muda inashindwa na Modena na Ferrara tu. Ndiyo maana nataka kuilinganisha na Ravenna kwa kirefu. Mgeni akiwa na siku moja tu ya kutoka, mjadala wetu huishia kwenye miji hiyo miwili.

Firenze au Ravenna

Njia ya mwendokasi kati ya Bologna na Firenze ilifunguliwa Desemba 2009. Ina urefu wa kilomita zipatazo 78, na kama 73 kati ya hizo zimo ndani ya mahandaki. Kwa hiyo usijisumbue kugombea dirishani. Utakuwa unatazama uso wako kwenye kioo hadi ufike. Unashuka stesheni ya Santa Maria Novella, na ndani ya robo saa kwa miguu uko chini ya kuba la kanisa kuu, kazi ya Brunelleschi, lililokamilika 1436. Hakuna mji mwingine kwenye orodha hii utakaokufikisha kwenye kitu cha ukubwa huo kwa haraka hivyo.

Lakini dakika zile 40 si safari yako yote. Majukwaa ya mwendokasi ya Bologna yako chini ya ardhi, mita zaidi ya 20, na kushuka huko kwa ngazi za umeme ghorofa baada ya ghorofa kunataka dakika kumi ukiwa unaijua njia. Kwa mgeni mimi huhesabu robo saa. Ukifika Firenze, sanamu ya Daudi ya Michelangelo iko Accademia, michoro mikubwa iko Uffizi, na zote mbili zinataka tiketi iliyonunuliwa mapema yenye saa ya kuingia. Sasa una miadi minne ya kutimiza: treni ya kwenda, makumbusho ya kwanza, makumbusho ya pili, treni ya kurudi. Umetoka likizo, umeingia kwenye ratiba ya mitihani. Na Jumatatu, Accademia na Uffizi zote hufungwa. Nimeshuhudia watu wakiligundua hilo mlangoni.

Ipo njia ya pole kwenda Firenze kwa regionale, kwa kubadilisha treni Prato. Inachukua kama saa 1 na dakika 40, nauli yake haipandi, na inakupa uhuru wa daladala. Anayetaka tu kutembea mitaani, kuvuka Ponte Vecchio na kula aiskrimu bila kuingia makumbusho yoyote, namshauri hiyo.

Ravenna ni kinyume chake. Treni inatoka Bologna ikifuata tambarare, inapita kwenye mashamba ya pichi na kiwi, inasimama vituo ambavyo hutakumbuka majina yake, na abiria wengi ni wanafunzi na akina mama wenye mikoba ya sokoni. Hakuna wa kukukimbiza. Mji wenyewe ukiuona kutoka stesheni utadhani umeshuka kituo kisicho chako: maduka ya kawaida, nyumba za matofali, wazee kwenye baiskeli. Makanisa yake kwa nje ni matofali matupu. Shangazi yangu aliposimama mbele ya San Vitale aliniambia, "Mwanangu, umenitoa kitandani alfajiri kuja kuona ghala?"

Nilimwambia aingie kwanza.

Ravenna ilikuwa makao makuu ya dola ya Kirumi ya magharibi tangu mwaka 402. Baadaye ikawa ya mfalme Theodoriko wa Wagothi, na mwaka 540 ikachukuliwa na majeshi ya Justiniani wa Konstantinopoli. Kila aliyetawala alipamba makanisa kwa mozaiki, yaani picha zilizotengenezwa kwa kupanga vipande vidogo vya vioo, mawe na dhahabu. Miaka 1,500 imepita na rangi hazijapauka, kwa kuwa kioo hakipauki. Ndani ya San Vitale, Justiniani na mkewe Theodora wamesimama na watumishi wao wakikukazia macho. Jengo dogo la jirani, linaloitwa kaburi la Galla Placidia, lina dari ya samawati iliyojaa nyota za dhahabu, na mwanga unaingia kupitia madirisha ya mawe laini yanayopitisha nuru kama karatasi ya mafuta. Shangazi aliyekuwa akinung'unika kuhusu ghala alikaa kimya humo hadi mlinzi akaja kutuambia muda umekwisha.

Kuna kitu kimoja ninachompeleka kila mgeni kukitazama, na vitabu vya watalii hukipita haraka. Katika kanisa la Sant'Apollinare Nuovo, ukutani kuna picha ya jumba la kifalme la Theodoriko, lenye nguzo na mapazia. Watawala wapya walipoutwaa mji, waliagiza watu wa mfalme wa zamani wafutwe katika picha, na mafundi wakajaza mapazia mahali pao. Lakini mikono iliyokuwa imepita mbele ya nguzo haikuondolewa. Ukiangalia vizuri utaona vidole na viganja vimebaki kwenye nguzo nyeupe, vya watu ambao hawapo tena. Serikali ilibadilika, picha za wakubwa zikashushwa, fundi akaacha mikono. Sijui kama alichoka au alikusudia.

Tiketi moja ya pamoja inakuingiza San Vitale, Galla Placidia, Sant'Apollinare Nuovo, nyumba ya ubatizo ya Neoni na kanisa dogo la askofu. Msimu wa wageni wengi, kaburi la Galla Placidia na nyumba ya ubatizo huwa na saa ya kuingia, kwa sababu ni vyumba vidogo. Panga hizo mbili kwanza, mengine yatajipanga. Kaburi la mshairi Dante, aliyefariki hapa 1321, halilipiwi. Firenze, mji uliomfukuza, ndio unaoleta kila mwaka mafuta ya kuwashia ile taa iliyo ndani yake. Ukiwa na nguvu bado, nenda kwenye kaburi la Theodoriko, ng'ambo ya reli. Paa lake ni jiwe moja, lenye upana wa mita kama kumi.

Hukumu yangu: kama hutarudi tena Italia maishani na roho yako inataka Firenze, nenda Firenze, usije ukanilaumu uzeeni. Kama unaweza kwenda Firenze safari nyingine ukalale huko siku mbili, leo panda treni ya Ravenna. Ukiachwa na treni ya kurudi, kaa Piazza del Popolo usubiri inayofuata.

Modena au Parma

Hii miji miwili iko kwenye reli moja, inayofuata barabara ya kale ya Waroma, Via Emilia, iliyochorwa mwaka 187 kabla ya Kristo. Ubaoni stesheni usitafute neno Modena wala Parma. Ubao huandika kituo cha mwisho, kwa hiyo treni yako inaweza kuitwa Piacenza au Milano Centrale. Kadhalika ya Ferrara huitwa Venezia, na ya Rimini huitwa Ancona. Wageni hukaa chini ya ubao nusu saa wakisubiri jina ambalo halitatokea, huku treni tatu za kuwafikisha zimeshaondoka. Angalia maandishi madogo yanayotembea pembeni ya jina. Humo ndimo vituo vya kati vinapotajwa.

Modena ni ya mchana mmoja. Unatoka Bologna saa tatu asubuhi, unarudi saa tisa, na bado jioni yako iko mkononi. Kanisa kuu lake lilianza kujengwa 1099 na msanifu Lanfranco, na michongo ya mbele ya Wiligelmo inasimulia uumbaji, Kaini na Abeli, na safina ya Nuhu kwenye jiwe, kwa watu ambao hawakujua kusoma. Mnara wake, Ghirlandina, una mita 86 na umeinama kidogo kumwelekea jirani yake. Soko la Albinelli liko nyuma kidogo ya uwanja mkuu. Nenda kabla ya saa saba mchana. Kuna pia makumbusho ya Enzo Ferrari, aliyezaliwa mjini hapa 1898, na unayafikia kwa miguu kutoka stesheni. Makumbusho mengine ya magari hayo, yale ya Maranello, yako nje ya mji na yanahitaji basi. Vijana wengi wanaoniambia "twende Modena kwa Ferrari" huwa wanamaanisha ya Maranello bila kujua, kwa hiyo ulizaneni kabla hamjatoka nyumbani.

Parma ni ya mtu anayependa picha na muziki, na ina utulivu wa mji wenye pesa za zamani. Nyumba ya ubatizo ya Benedetto Antelami, ya marumaru ya waridi, ilianza kujengwa 1196. Ndani ya kanisa kuu, Correggio alichora kubani Bikira Maria akipaa kati ya mawingu na miguu ya malaika. Ukisimama chini yake shingo itauma, lakini hutajuta. Teatro Farnese, ukumbi mkubwa wa mbao wa mwaka 1618, ulipigwa mabomu 1944 ukajengwa upya, na mbao zake hazikupakwa rangi tena, basi unaona ubao mtupu mpana kama uwanja.

Kwa chakula miji yote miwili ina jina, na hapa lazima niseme wazi na ndugu zangu Waislamu: Emilia, eneo hili letu, ni nchi ya nguruwe. Tortellini, tambi ndogo za huku, hujazwa nyama yake, mchuzi wa nyama wa ragù mara nyingi unayo, na mikate mingi ya kukaanga hupikwa kwa mafuta yake. Parma ina nafuu kidogo kwa sababu ya tortelli d'erbetta, tambi zilizojazwa jibini laini na mboga za majani, zinazomiminiwa siagi na jibini juu. Modena utaondoka na siki ya balsamico. Ile ya jadi hukaa kwenye mapipa miaka 12 au zaidi, na kichupa chake kidogo kina bei ya kukushtua. Siki ni siki ya zabibu, kwa hiyo kila mtu amwulize shekhe wake. Waliokula jibini la Njombe watanielewa nikisema kwamba Parmigiano, jibini la huku, ni ndugu yake mkubwa, mkavu zaidi na mwenye umri zaidi. Na si utani: Wabolognesi wana mkono wao katika kiwanda kile cha maziwa cha Njombe, na jimbo kuu la hapa lina uhusiano wa miaka mingi na Usokami, Iringa. Usishangae mzee wa Bologna akikuambia "karibu" kwa lafudhi ya kule.

Mkitaka zote mbili kwa siku moja, inawezekana. Nunua tiketi tatu fupi badala ya ya kwenda na kurudi: Bologna–Parma asubuhi, Parma–Modena mchana, Modena–Bologna jioni. Anza na ile ya mbali. Ukianza na Modena utajisemea "Parma tutaenda tu", na hutafika.

Ferrara, kwa waliochoka

Kila kundi lina mtu ambaye siku ya nne anasema, "Mimi makanisa basi." Mpeleke Ferrara. Kuna ngome ya matofali ya akina Este, ukoo uliotawala mji, iliyoanza kujengwa 1385, bado imezungukwa na mfereji wenye maji na daraja la kuingilia. Kuna kuta za mji za kilomita tisa ambazo juu yake zimepandwa miti, na watu wanakimbia na kuendesha baiskeli. Mji ni tambarare kama meza. Kodi baiskeli karibu na stesheni, maana kutoka stesheni hadi ngome ni dakika 20 kwa miguu na barabara yenyewe haina la kuona. Pita Palazzo dei Diamanti, jumba lenye mawe zaidi ya 8,000 yaliyochongwa kama piramidi ndogo. Jua la jioni likilipiga kila jiwe linatupa kivuli chake. Halafu agiza cappellacci di zucca, tambi zilizojazwa boga. Zitake kwa siagi na majani, usiziache zije na ragù. Mkate wa hapa uliosokotwa kama pembe una mafuta ya nguruwe ndani yake.

Majira ya baridi ukungu wa Ferrara unaweza kukuzuia hata kuona mnara wa jirani. Mimi naupenda hivyo. Wageni wangu hawaupendi.

Venezia, Verona, Rimini

Venezia kwa siku moja naikataa, na huwa tunagombana. Kwa regionale ni kama saa mbili kwenda na mbili kurudi. Kwa mwendokasi ni saa moja na nusu, lakini umefungwa na saa ya kurudi katika mji ambao kazi yake ni kukupoteza. Utafika wakati mmoja na wageni wote wa mchana, utaondoka wakati mmoja nao. Tangu 2024, siku fulani za msimu, mgeni asiyelala mjini hulipa pia ada ya kuingia. Venezia yenyewe huanza wale wa mchana wakishaondoka. Kalale usiku mmoja.

Verona ni mji mzuri, na uwanja wake wa Kirumi wa karne ya kwanza bado unatumika kwa opera. Unatembea dakika 20 kutoka stesheni ya Porta Nuova. Ni chaguo la wanaotaka kitu kikubwa cha Kirumi bila kwenda Roma.

Rimini ni bahari. Ukiwa umetoka Mombasa, Tanga au Unguja, Adriatiki haitakuonyesha jipya. Maji si ya samawati sana na mchanga umepangwa miavuli ya kulipia safu kwa safu. Watoto lakini hawajali hayo. Maji ni ya kina kifupi mbali sana kutoka ufukweni, na samaki wapo. Mkate bapa wa huko, piadina, uulizie kama una strutto, yaani mafuta ya nguruwe, kabla hujaumega. Na kabla ya kurudi pita kwenye daraja la Tiberio, lililokamilika mwaka 21 baada ya Kristo na bado watu wanavuka juu yake.

Yatakayokukuta stesheni

Kosa langu kubwa kuliko yote lilikuwa namba ya jukwaa. Treni ya Verona iliandikwa inatoka "4 Ovest". Niliona 4, nikaongoza watu sita hadi jukwaa la 4, tukasimama kwa furaha. Ovest ni magharibi: ni njia fupi zilizojificha mwishoni kabisa mwa jukwaa la kwanza, upande wa magharibi, na ni mwendo wa dakika tano ukikimbia. Zipo na za Est, upande wa mashariki. Tuliona mkia wa treni tu. Lakini ilikuwa regionale, basi tulirudi tukanywa kahawa na tukapanda iliyofuata kwa tiketi zilezile. Fikiria ingekuwa ya viti sita vya mwendokasi.

Jingine ni saa. Ubao unaandika kwa mtindo wa saa 24, na sisi tunahesabu kutoka jua kuchomoza. Treni ya 18:04 kwetu ni saa kumi na mbili na dakika nne jioni. Mtu akiwa amechoka anachanganya. Kwa wageni wangu naandika saa zote mbili kwenye karatasi. Na ile saa iliyo nje ya ukuta wa stesheni, upande wa kushoto ukiitazama kutoka uwanjani, haijaharibika: imesimamishwa 10:25, saa nne na dakika 25 asubuhi, muda ambao bomu lililipuka kwenye chumba cha kusubiria tarehe 2 Agosti 1980 na kuua watu 85. Ndani ya chumba hicho ufa wa ukuta umeachwa wazi, na majina yao yameandikwa. Watu wanakaa hapo na mabegi yao wakisubiri treni.

Tiketi ya karatasi ya regionale igonge kwenye kimashine kilichobandikwa ukutani kabla hujapanda. Ya kwenye simu ithibitishe kwa kubonyeza kabla treni haijaondoka. Mkaguzi hatajali kwamba ulilipa. Atakutoza faini kwa kutogonga. Makanisa mengi hufunga mchana kwa saa mbili tatu, kwa hiyo asubuhi ni ya makanisa na mchana ni wa chakula. Jumapili treni hupungua, na ukipanga kurudi usiku, soma ratiba ya siku hiyohiyo, usitumie ya jana.

Halafu kuna mgomo. Waitalia huuita sciopero, hutangazwa siku kadhaa mbele, na siku za kazi treni za mkoa huhakikishiwa kati ya saa kumi na mbili na saa tatu asubuhi, kisha saa kumi na mbili hadi saa tatu usiku. Unaweza kwenda asubuhi na kurudi jioni kwa Ferrara au Modena. Kwa Ravenna sithubutu. Siku hiyo hubaki Bologna na wageni wangu, tunavaa viatu vya kutembelea, tunapanda hadi kanisa la San Luca kilimani, chini ya vibaraza vyenye matao 666, karibu kilomita nne bila kulowa hata mvua ikinyesha, na shangazi anabeba chapati.